Nani Anaharibu Lenzi za Mjukuu Wangu?

Jumatatu, 4 Machi

Lenzi zimeharibika tena. Zote. Nilikuwa namalizia kutwanga mahindi ya asubuhi, Mjukuu akatoka chumba cha nyuma uso umemshuka kama kuku aliyenyeshewa. Nikamwuliza kuna nini. Akasema zimepinda. Nikamwambia alete nizinyooshe, mimi nimenyoosha mabati ya nyumba hii peke yangu. Akacheka kidogo, akaenda kunawa.

Niandike jambo hili vizuri, maana kichwani halikai. Chumba cha nyuma kilikuwa stoo yangu. Mwaka jana Mjukuu alimleta mwajiri wake, bwana mrefu mwenye miwani minene kama vitako vya chupa. Namwita Miwani. Alikipenda chumba kwa sababu mtaa wetu umetulia, malori hayapiti. Wakaziba madirisha, wakaweka taa za njano, wakaingiza meza ya chuma ambayo eti inaelea juu ya hewa. Nimeichungulia. Ina miguu minne, kama meza nyingine yoyote. Mtu akitaka kuelea, aelee.

Juu ya meza kuna leza. Leza ni mwanga. Mwanga huo haumuliki, unachonga. Hapana, Mjukuu alinisahihisha: hauchongi, unagandisha. Wanadondosha tone la plastiki ya majimaji juu ya kipande cha kioo. Mwanga unaingia ndani ya tone kama sindano. Pale unapogusa plastiki inaganda, kwingine kote inabaki uji. Kisha wanasuuza uji, kinachobaki ni lenzi. Ndogo kuliko chembe ya chumvi. Inabandikwa kwenye ncha ya uzi wa kioo mwembamba kama unywele, uzi unapitishwa ndani ya mshipa wa mtoto mchanga ili ionekane pameziba wapi. Niliuliza mtoto anaona nini humo. Nikaambiwa mtoto haoni kitu, anayeona ni daktari. Nikasema basi huyo daktari si afungue macho yake tu. Mjukuu akasema tutaongea siku nyingine.

Zamani walitengeneza kubwa kubwa, kama punje ya mtama, hazikuwa na tabu. Hizi ndogo ndizo zenye maringo. Tangu wazianze, kila moja ikitazamwa kwenye hadubini ina mawimbi kama bati. Usiku hawawezi kuzifanya, umeme wa mtaa wetu usiku una kigugumizi. Na Ijumaa ya wiki ijayo anakuja mama mnunuzi, wa kampuni ya vifaa vya hospitali. Asipokuta lenzi safi, Miwani anafunga kazi, anahamishia mashine jiji la mbali, na Mjukuu anaondoka nayo.

Mjukuu wangu! Nimemlea tangu hana jino. Ndiye mtu pekee niliyebaki naye ndani ya nyumba hii.

Kuna mtu anaharibu. Mimi sikusoma, niliishia darasa la tatu, lakini pua ninayo. Nitamkamata.

Jioni alikuja Wifi. Ni dada wa marehemu mume wangu, anakaa ng'ambo ya ua, na kazi yake duniani ni kuja. Akasema anasikia tuna kiwanda, hajaona tunachotengeneza. Nikaenda kuomba lenzi moja katika zile zilizoharibika, Mjukuu akaniwekea juu ya kitambaa cheusi. Wifi akainama, akainuka, akasema haoni kitu. Nikamwambia ndiyo ujue ni ndogo. Akasema za namna hiyo hata yeye anazo, zimejaa kabati zima. Halafu akapiga chafya.

Sasa hata mimi siioni. Lakini kabla ya hapo ilikuwepo.


Jumanne, 5 Machi

Nimempata. Ni Cheche.

Cheche ni mjukuu wa Wifi, fundi wa kuchomelea. Banda lake liko ng'ambo ya ua, kutwa anachomelea mageti. Na anachomelea kwa nini? Kwa mwanga! Mwanga mkali unaopenya hadi kwenye kope. Huku kwetu mwanga wa leza, kule kwao mwanga wa Cheche. Mafahali wawili hawakai zizi moja, itakuwa mianga miwili? Inapigana hewani, mmoja unajikunja, lenzi inapata mawimbi. Nilimweleza Miwani. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akasema mwanga haupiti ukutani, Bibi. Amesoma, lakini hana watoto. Hajui kwamba kila kitu hupita ukutani.

Nikatundika mablanketi yangu yote kwenye ua, nikaziba kila upenyo. Cheche akachomelea. Cheche yake moja ikaruka, ikatoboa lile blanketi zuri la harusi. Wifi akasimama kwake akasema nimeanika mablanketi upande wake ili ajue ninayo.

Lenzi zimeharibika.

Mbinu mpya. Nimehamisha kinu. Kilikuwa karibu na jiko, nimekivingirisha hadi ukuta wa chumba cha nyuma, kimegusana nao kabisa. Pale panaonekana tundu la kwenye ua, na kupitia tundu naliona banda la Cheche. Nitatwanga huku namlinda. Mtu akiniona atasema bibi anatwanga. Kumbe bibi yuko kazini.


Jumatano, 6 Machi

Nimelinda asubuhi, nimelinda alasiri. Sikupepesa jicho. Nimetwanga mahindi ya nusu ya mtaa, maana nusu ya mtaa hula unga wangu. Wa mashine hauna ladha, una harufu ya grisi.

Cheche aliwasha na kuzima, kuwasha na kuzima. Ana sura ya mtu asiye na hatia. Hiyo ndiyo sura mbaya kuliko zote.

Lenzi zimeharibika zaidi. Mjukuu anasema mawimbi yamekuwa makubwa, hajawahi kuona kama haya. Nikamwambia avumilie, tunakaribia. Mwizi akijua analindwa huwa mkali. Akaniuliza mwizi gani. Nikamwambia asijali, ale.

Hakula.


Alhamisi, 7 Machi

Mazishi ya mzee mshona viatu. Mtaa mzima tulienda tangu asubuhi. Mzee mwema, ila viatu alivyonishonea vilinibana miaka kumi. Nimemsamehe kaburini.

Tumerudi jioni, namkuta Mjukuu mlangoni anatabasamu. Lenzi tatu, safi, hazina hata mkunjo! Miwani naye anatabasamu, jambo ambalo halimpendezi. Wanasema hawajui walichobadilisha.

Mimi najua. Cheche alikuwa wapi? Mazishini. Alibeba jeneza, nilimwona kwa macho yangu, na baadaye alikula mara mbili. Cheche hayupo, lenzi nzima. Hesabu hii hata mtoto wa chekechea anaijua.

Nilimwambia Wifi kwa mafumbo kwamba nyani haoni kundule. Akaniitikia kwamba kweli kabisa, na yeye anamfahamu nyani mmoja hapa mtaani. Sikumwelewa alikuwa anamsema nani.


Jumapili, 10 Machi

Juzi na jana lenzi mbovu. Leo nzuri.

Jumapili sitwangi. Mgongo nao una haki zake. Nimekaa kivulini nimenyoosha miguu. Cheche naye Jumapili hafanyi kazi, analala hadi jua linamwonea haya. Ushahidi wa pili.

Miwani alikuja kukaa nami. Akasema anaona ajabu: Alhamisi nzuri, leo nzuri, siku nyingine mbaya. Akaniuliza, mimi kama mwenye nyumba, nani hapa jirani hafanyi kazi Jumapili. Nikamwambia Cheche. Akatikisa kichwa. Akauliza kuna mwingine? Nikafikiri sana. Nilifikiri hadi chai ikapoa.

Nikamwambia hakuna.


Jumatatu, 11 Machi

Leo nimefanya jambo. Naliandika hapa kwa kuwa silijutii.

Nilimwita Cheche kwenye tundu la ua. Nikamwambia binamu yangu wa mji wa mlimani anasimamia ujenzi wa shule, wanatafuta fundi wa madirisha na mageti, awahi kesho asubuhi kabla hawajampa mwingine. Binamu yupo, sikudanganya. Mji upo. Shule ndiyo haipo, lakini shule hujengwa kila mahali, na ile pia itajengwa siku moja. Nimemwambia mapema tu.

Cheche akafurahi, akapitisha mkono tunduni akanishika. Akasema, "Bibi, wewe ndiye mtu pekee unayenifikiria."

Nikahisi kitu kinanichoma kifuani. Nadhani ni maharage.


Jumanne, 12 Machi

Cheche amepanda basi na mashine yake. Nimemwona kwa macho yangu akiondoka. Banda kimya. Sasa!

Kwa furaha nikawaita jirani zangu wawili, yule mkunga na yule muuza maua. Mgeni wa Ijumaa lazima akute unga mpya, asije akasema tunaishi kwa plastiki. Tukatwanga michi mitatu kinu kimoja, kwa zamu, mmoja juu mmoja chini mmoja njiani. Siku hizi wasichana hawawezi, watapigana michi vichwani. Sisi tuliimba na hatukukosea hata mara moja. Ukuta wa chumba cha nyuma ulikuwa unatuitikia.

Mchana Mjukuu akatoka. Sikuhitaji kumwuliza. Hakuna hata moja. Anasema leo haikuwa mawimbi tena, ilikuwa kama mtu amechora huku anasukumwa. Mashine yenyewe ilikata tamaa ikajizima.

Sielewi. Cheche yuko ndani ya basi. Nimekaa nimefikiri hadi kichwa kimevimba. Je, mwanga wake ulibaki? Moto ukizimwa moshi hubaki, labda na mwanga una moshi wake. Au ameacha kitu bandani. Nikapenya kwenye ua kwenda kupekua. Nikakuta bati, mswaki, na Wifi. Akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia kuku. Akaniuliza tangu lini nafuga kuku. Nikamwambia ndiyo maana namtafuta.

Ni yeye. Ni Wifi. Kikulacho ki nguoni mwako! Kuku gani atauliza maswali mengi hivyo, nataka kusema mtu gani.

Niliporudi nilimkuta Mjukuu ameshusha sanduku lake juu ya kabati. Anakunja nguo taratibu, kama mtu anayekunja za marehemu. Akasema anaanza mapema tu, ili Ijumaa asipate shida. Nikamwambia sanduku hilo zipu yake mbovu. Akasema ni nzima. Akaenda kuoga.

Zipu sasa ni mbovu.


Jumatano, 13 Machi

Siku ndefu. Niandike kwa utaratibu.

Miwani alikuja na kisanduku kidogo kama kipande cha sabuni. Kipima mtetemo. Anasema amekiazima. Akakiweka juu ya ile meza inayoelea, akakiunganisha na kompyuta. Mimi nikaenda kutwanga, maana nikiwa na mawazo natwanga, na leo nilikuwa na mawazo ya magunia mawili.

Nikaona Miwani anatoka, kompyuta ameishika kiganjani kama sinia, kisanduku mkono wa pili. Akakiweka chini kwenye ua wa Wifi, akatazama kompyuta. Akasogea. Akakiweka kwenye jiko. Akasogea. Akafika mbele yangu. Akatazama kompyuta, akanitazama mimi. Akatazama kompyuta, akatazama kinu.

Akasema, "Bibi, simama kidogo."

Nikasimama. Akasema nitwange. Nikatwanga. Akasema nisimame. Nikamwambia mimi si punda wa kuambiwa simama nenda. Akaniomba kwa adabu, mara moja tu ya mwisho. Nikatwanga pigo moja, la nguvu, ili aridhike. Akamwita Mjukuu.

Wakanieleza. Eti ile meza inazuia mitikisiko midogo ya haraka, kama ya pikipiki. Ila ule wa polepole, tu, tu, tu, wa mchi, hauizuii. Unaibembeza kama mama anavyobembeza mtoto. Na mwanga unachora wakati plastiki inabembezwa, basi mstari unayumba, lenzi inatoka na mawimbi. Kila pigo wimbi moja.

Nikauliza kama wanataka kusema mikono hii ya bibi kizee inatikisa meza ya chuma iliyobebwa na wanaume sita. Miwani akasema inatikisika kidogo mno, hata sisimizi hawezi kuhisi. Nikasema basi kama hata sisimizi hahisi, shida iko wapi. Akasema lenzi ni ndogo kuliko sisimizi. Nikauliza ni ndogo kuliko kuhisi kwake au kuliko yeye. Akafuta miwani. Nilimshinda hapo, lakini sijui nilimshinda kwa lipi.

Nikamgeukia Mjukuu. Yeye yuko ndani ya chumba kile kutwa, mimi natwanga ukutani kwake kutwa, mbona hakusema? Alikuwa amekaa chini, kwenye vumbi, na glavu zake nyeupe.

Akasema, "Nimekulia kwenye sauti hii, Bibi. Siisikii tena."

Halafu akaanza kucheka, na machozi yanatoka. Nikakaa naye. Sijui tulichokuwa tunacheka. Nilicheka ili asicheke peke yake.

Bado sijakubali. Kisanduku cha ukubwa wa sabuni kitanifundisha mimi kutwanga? Na hatujui kimeazimwa kwa nani. Huenda kwa Wifi.


Alhamisi, 14 Machi

Nimesema kwa ajili ya Mjukuu nitakihamisha kinu hadi mgeni apite. Miwani akazunguka na kisanduku chake kutafuta mahali ambapo kompyuta haishtuki. Amepima mtaa wote. Mahali penyewe ni pamoja tu. Uani kwa Wifi, nyuma ya banda, ng'ambo ya mfereji, ambapo udongo ni laini.

Dunia nzima, kwa Wifi!

Nimepita barabarani mchi begani, ungo kichwani, Miwani na muuza maua wanavingirisha kinu nyuma yangu kama maiti. Wifi alikuwa amekwisha kaa mlangoni. Alitoa kiti kabisa. Akanikaribisha kwa sauti ya asali, akasema kinu changu kitapata hewa. Kisha akachota unga wangu kiganjani, akausugua, akasema una chenga. Chenga! Unga ambao mtu akipiga chafya unapotea kama lenzi.

Nikiwa natwanga kwa uchungu, Cheche akarudi. Vumbi hadi kwenye nyusi. Binamu yangu alimzungusha mji mzima kuitafuta shule, wakaishia kwenye uwanja wenye mbuzi. Cheche akasimama mbele yangu. Hakupiga kelele, afadhali angepiga.

Akaniuliza, "Bibi, shule iko wapi?"

Nikamwambia bado inafikiriwa.

Akaenda bandani, akaunganisha mashine yake, akawasha. Alichomelea mchana kutwa kwa hasira, macheche kama mvua, mwanga hadi kwenye majani. Nikajua tumekwisha. Nikaacha mchi, nikakimbia nyumbani na miguu yangu hii, nikagonga mlango wa chumba cha nyuma. Mjukuu akafungua kidogo. Nikamwambia Cheche amerudi, amewasha, azime upesi kabla mianga haijakutana.

Akanishika mabega. Akasema lenzi zote za leo ni safi. Zote.

Sielewi tena. Mwanga wa Cheche ulikuwepo, mkali kuliko siku zote, na lenzi nzima. Kwa hiyo mianga haipigani? Au ya Cheche ilikuwa imechoka na safari ya basi? Nadhani ilikuwa imechoka.


Ijumaa, 15 Machi

Mnunuzi amekuja. Mwanamke wa makamo, viatu bapa, hacheki. Nikampenda hapo hapo.

Nimefagia uani mara mbili, Mjukuu akaniomba nisifagie mara ya tatu kwa sababu ya vumbi. Mimi nifagiaye hadi ardhi inalia, naambiwa naleta vumbi. Nilinyamaza kwa ajili ya mgeni.

Mgeni akaingia chumba cha nyuma. Mlango ukafungwa. Nikasimama nje. Sikuwa na mchi, sikujua mikono niiweke wapi. Niliikunja, nikaikunjua, nikaing'oa ndago yote iliyoota kando ya ukuta. Nilikuwa nawaza lile kabati lake litakavyokaa tupu. Nilikuwa nawaza nitampikia nani. Mtu mmoja hapikiwi, mtu mmoja anapashiwa tu.

Mlango ukafunguka. Mjukuu akasema niingie. Mimi! Mwaka mzima sijaruhusiwa kuvuka kizingiti. Wakanivika koti jeupe na kofia kama ya mwokaji mikate, na soksi juu ya viatu. Taa za njano, kila mtu anaonekana ana homa ya ini. Mjukuu akaniweka kwenye hadubini, akanifundisha nifumbe jicho lipi. Nilifumba lile lingine. Akanigeuza.

Nikaona.

Zimepangwa mstari, mviringo kabisa, zinang'aa. Kama matone ya umande ambayo hayajaamua kuanguka. Ndani ya kila moja kuna taa ndogo ya njano, ile ile ya darini, imo humo nzima, na waya wake. Ndani ya kila moja! Sijui ilivyoingia. Nilinyamaza. Mjukuu anasema haijawahi kutokea.

Mgeni akaniambia kuna mtoto wodini kwao, wa siku chache, ndiye anayesubiri ya kwanza. Nikamwambia basi aharakishe asikae hapa kunitazama. Akacheka, yeye asiyecheka. Akasema anazichukua, na kila mwezi atataka nyingine, na Miwani asithubutu kuhama mahali panapotoa lenzi kama hizi.

Mjukuu anabaki. Naandika tena: anabaki.

Jioni alirudisha sanduku juu ya kabati. Akasema zipu imeharibika kweli. Nikamwambia si nilikuambia.


Jumatatu, 18 Machi

Nimefikiri siku mbili na nimepata ufumbuzi wa kila kitu.

Kwanza: kwa Wifi sirudi. Jumamosi alileta wageni kunitazama nikitwanga. Aliwapa viti. Akawaeleza kwamba mimi ndiye niliyekuwa naharibu lenzi mwezi mzima. Mimi! Niliyezilinda asubuhi na jioni bila kupepesa.

Pili: nimeelewa walichokuwa wananiambia akina Miwani. Ni watu wa adabu, walizunguka, wakaleta na kisanduku, lakini mtu mzima huelewa. Mchi ni wa kizamani. Watu wa leza hawawezi kufanya kazi ya kisasa huku ukutani kwao kuna bibi na kinu. Wangesema tu. Mimi si mtu wa kung'ang'ania. Kama wao wana mashine, na mimi nitakuwa na mashine.

Nimechukua mashine ya kusaga. Injini ya dizeli, kubwa, ya kijani, ilikuwa ya kiwanda kimoja kilichofungwa. Harufu ya grisi nitaizoea. Nimeiweka kwenye kibanda cha kuni, kile kinachotumia ukuta mmoja na chumba cha nyuma, ili tuwe karibu. Cheche amenichomelea kitako chake cha chuma. Alikuja akiwa bado amenuna, nikamwambia hii si ya kufikiriwa, hii ipo, agonge aone. Akagonga. Tumepatana.

Niliuliza fundi wa injini kuhusu mtetemo, maana mimi sasa ni mtu wa kuuliza. Akasema nisiwe na shaka, ameifunga kwa boliti ndefu hadi ndani ya zege la sakafu, zege limeshikana na ukuta. Mashine yenyewe haitatikisika hata kidogo. Itakayotikisika ni ardhi tu, na nyumba. Nikamwambia ardhi na nyumba hazina neno, wenzangu shida yao ilikuwa mchi.

Sijamwambia Mjukuu. Leo wanaanza lenzi za mwezi mpya, yuko ndani tangu asubuhi, amejifungia na taa zake za njano. Nataka iwe zawadi. Naandika nimekaa mlangoni mwa kibanda, fundi anazungusha mkono wa kuwashia. Mara ya kwanza imekohoa. Mara ya pili imekohoa.

Imewaka. Inanguruma vizuri ajabu, kalamu inarukaruka yenyewe. Hata Wifi ametoka nje, ameshika kichwa kwa wivu.

Mlango wa chumba cha nyuma umefunguka. Mjukuu anakuja mbio, glavu mikononi, anapunga mikono yote miwili. Simsikii anachosema, lakini nilijua angefurahi.